Chumba cha yuan 350 Guangzhou wakati wa maonyesho: toka kuchagua hoteli hadi kurudishiwa amana

Swali: Mimi na mdogo wangu tunauza vyombo vya jikoni Mwanza. Tunakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza. Ndege inatua usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Oktoba, na tutakaa siku tisa. Tumetenga yuan 350 kwa usiku kwa chumba kimoja cha watu wawili. Tumesikia zipo hoteli zinazowakataa wageni hapo hapo mapokezi, na wapo watu waliondoka bila kurudishiwa amana zao. Tunaomba maelekezo toka kuchagua hoteli hadi siku ya kutoka.

Jibu: Dada yangu, kwa siku za kawaida yuan 350 inakupa chumba kizuri Guangzhou: kisafi, kina kiyoyozi na maji ya moto, na mara nyingi na kifungua kinywa. Ila safari yenu imeangukia katikati ya Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou. Awamu ya vuli huanza tarehe 15 Oktoba na kugawanyika mara tatu, siku tano tano: 15 hadi 19, 23 hadi 27, na 31 Oktoba hadi 4 Novemba. Vyombo vya jikoni na vya mezani vimo kwenye mkupuo wa pili, kwa hiyo kwa biashara yenu mmefika siku zenyewe. Kwa bei za vyumba, hizo hizo ndizo siku za kuumia. Hoteli zinazopakana na viwanja vya maonyesho pale Pazhou hupandisha bei sana, na nyingi huondoa ruhusa ya kufuta oda bila malipo. Wekeni nafasi mapema, wiki sita au nane kabla, mkitafuta chumba ambacho bado kinaweza kufutwa bure. Viza ikichelewa hamtapoteza hela.

Mahali pa kukaa pana uzito kuliko jina la hoteli. Wafanyabiashara wengi kutoka Afrika Mashariki hukimbilia Xiaobei, na sababu ipo: kuna chakula cha halali, mawakala wa mizigo, maduka ya simu, na watu wanaozoea kuona pasipoti zetu. Lakini kutoka Xiaobei kwenda Pazhou kwa treni ya chini ya ardhi unaanza na njia namba 5, unabadili Zhujiang New Town kuingia namba 3, unabadili tena Kecun kuingia namba 8, kisha unateremka Xingangdong au Pazhou. Njia namba 3 asubuhi inajaa kiasi kwamba unaweza kuacha treni mbili zipite. Fanya hivyo siku tano mfululizo, na mikoba ya katalogi begani, utachoka kabla hujafika bandani.

Kwa safari yenu ningechagua Changgang au Jiangnanxi, upande wa Haizhu. Stesheni ya Changgang inakutanisha njia namba 2 na namba 8. Namba 8 inakupeleka kwenye maonyesho bila kubadili. Namba 2 kuelekea kaskazini inakufikisha Guangzhou Huochezhan (stesheni ya reli ya Guangzhou), penye masoko makubwa ya nguo. Kuelekea kusini inakufikisha Luoxi, na hapo unachukua teksi fupi hadi Shaxi, soko la jumla la vifaa vya hoteli na jikoni. Hilo la mwisho msiliache, maana mkikosa kiasi kidogo kwenye maonyesho (viwanda vingi vya Pazhou vinataka oda kubwa), pale Shaxi kuna maduka yanayouza kwa katoni chache.

Sasa hoteli yenyewe. Usitafute nyota. China ina mfumo wa serikali wa kutoa nyota, lakini kampuni nyingi za hoteli za kati haziombi kabisa kupimwa, kwa hiyo hoteli bila nyota inaweza kuwa bora kuliko ya zamani yenye kibao cha nyota tatu kilichochakaa. Majina ya daraja mnalolitaka ni Ji (全季), Atour (亚朵), Vienna (维也纳), Lavande (丽枫), Hampton by Hilton na Holiday Inn Express. Chini yake wapo Hanting, Home Inn na 7 Days. Ni nafuu, vyumba vidogo, na wafanyakazi wachache zaidi wamezoea pasipoti za kigeni.

Kampuni hizi zina matawi mengi ndani ya mji mmoja, na hapo ndipo watu hupotea. Ukimwambia dereva "Vienna Hotel" atakupeleka kwenye Vienna yoyote. Jina la tawi huandikwa kwenye mabano baada ya jina la hoteli, kwa Kichina. Pigeni picha ukurasa wa oda unaoonyesha jina kamili, anwani na namba ya simu kwa Kichina, mhifadhi kwenye simu zote mbili na mchapishe karatasi moja. Anwani hiyo mtaihitaji pia kwenye kadi ya kuingilia nchini.

Kwenye kuweka nafasi, kwa hoteli za China programu ya Trip.com ndiyo inayotoa habari kwa ukamilifu zaidi, kwa sababu ni ya kampuni ile ile inayoendesha Ctrip ya Wachina wenyewe. Soma vipengele vinne. Kwanza aina ya kitanda: 双床房 ni vitanda viwili, 大床房 ni kitanda kimoja kikubwa. Pili dirisha: 有窗 maana yake lipo, 无窗 halipo. Vyumba visivyo na dirisha ni vingi katika majengo ya zamani ya Guangzhou, na bei yake ndiyo inayovutia macho. Wapo pia wanaoandika kwamba dirisha lipo kumbe linatazama korido. Kwa mji wenye unyevu kama ule, siku tisa ndani ya chumba kisicho na hewa ni adhabu: taulo hazikauki na nguo zinanuka. Tatu kifungua kinywa: 双早 ni cha watu wawili, 单早 cha mmoja, 无早 hakuna. Nne, sera ya wageni: kama kuna maneno kwamba hoteli inapokea raia wa China bara tu, iache.

Kuna mtego mmoja wa tarehe unaowahusu ninyi hasa. Ndege inayotua saa nane usiku kuamkia tarehe 22 inahitaji chumba cha usiku wa tarehe 21. Mkiandika kuingia tarehe 22, mtafika mapokezi saa kumi alfajiri na kuambiwa chumba ni kuanzia saa nane mchana, yaani 14:00 kwa saa yao. Kwa hiyo andikeni kuingia 21, kutoka 30; hizo ni siku tisa kamili. Kisha waandikieni hoteli ujumbe kupitia programu kwamba mtafika usiku wa manane, na oda iwe imelipiwa au kuwekewa dhamana ya kadi. Oda isiyo na dhamana huachiwa saa kumi na mbili jioni (18:00), na wakati wa maonyesho chumba kitachukuliwa na mwingine bila hata kusubiri.

Saa hizo treni ya chini ya ardhi imefungwa. Chukueni teksi rasmi kwenye foleni nje ya jengo la kuwasili, siyo mtu anayewafuata ndani akinong'ona bei. Mita ndiyo inayoamua. Hadi Haizhu tengeni yuan 150 hadi 200.

Nije kwenye kukataliwa, maana hilo ndilo linalowatia watu hofu. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2013, inaitaka kila hoteli imwandikishe mgeni na kupeleka taarifa zake polisi. Kazi hiyo hufanywa kwenye kompyuta ya mapokezi: wanaskani pasipoti, wanaangalia viza na mhuri wa kuingia, wanajaza fomu. Mhudumu aliyezoea humaliza kwa dakika tano. Asiyewahi kumwandikisha mgeni huogopa kukosea, na jibu jepesi kwake ni kusema hoteli haina kibali cha wageni. Mwaka 2024 serikali kuu iliagiza waziwazi kwamba hoteli zisiwakatae wageni kwa kisingizio hicho. Kwa hiyo mkikutana nalo msipandishe sauti na msiondoke haraka. Mwombeni mhudumu ampigie meneja, au apige kituo cha polisi cha mtaa (派出所, paichusuo) aulize namna ya kuandikisha; mara nyingi tatizo huishia hapo. Ikishindikana, pigeni 12345, namba ya huduma ya jiji, na wakati huo huo mwasiliane na kampuni mliyoweka nafasi ili iwatafutie hoteli nyingine kwa gharama yake. Ndiyo maana nimetaja matawi ya kampuni kubwa: hayo yameshawaandikisha wageni wengi, hamtakuwa wa kwanza.

Jina kwenye oda liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, jina la ukoo mahali pake. Wekeni majina yote mawili. Kila anayelala chumbani lazima aandikishwe, hata kama ni usiku mmoja. Desturi ya kumwingiza mwenzenu wa tatu alale sakafuni ili kubana matumizi iacheni kabisa; polisi hukagua hoteli za maeneo ya wafanyabiashara, na asiyeandikishwa ndiye mwenye kesi. Mgeni wa mchana anaruhusiwa kuja kuwatembelea, lakini naye huacha jina mapokezi na hutakiwa kuondoka usiku. Na mkiamua baadaye kuhamia kwa ndugu anayeishi Guangzhou, uandikishaji unakuwa mzigo wenu: ndani ya saa 24 mwende paichusuo pamoja na mwenye nyumba. Kutofanya hivyo kunaweza kutozwa faini hadi yuan 2,000. Pasipoti yenyewe tembeeni nayo, siyo kivuli chake, kwa sababu sheria inamtaka kila mgeni mwenye miaka 16 na zaidi awe nayo.

Amana inaitwa 押金, yajin. Hoteli ya kati hutaka kati ya yuan 100 na 500, wengine hulinganisha na bei ya usiku mmoja. Hii ni nje ya malipo ya chumba. Kinachowapotezea watu amana mara nyingi siyo wizi, ni njia waliyolipia. Ukitoa kadi ya benki, hoteli huzuia kiasi hicho kwenye akaunti badala ya kukikata. Siku ya kutoka wao wanaachia kwa kubonyeza tu, lakini benki ya nyumbani inaweza kuchukua wiki kadhaa hadi fedha ionekane tena. Kwa kadi ya akaunti ya kawaida, hiyo ni hela yako halisi iliyofungwa ukiwa bado unanunua mzigo. Ukilipa kwa Alipay au WeChat Pay (programu za Kichina za kulipia kwa simu), marejesho hupita njia ile ile yakaingia kwenye kadi yako baada ya siku kadhaa. Fedha taslimu hurudishwa mkononi papo hapo. Kwa safari ya kwanza ningeshauri taslimu, kwa sharti moja: mpewe karatasi ya amana (押金单) yenye kiasi, namba ya chumba na mhuri au sahihi, na muipige picha kabla ya kupanda lifti. Karatasi ikipotea, ile picha pamoja na pasipoti huokoa.

Malipo ya chumba yana hesabu yake. Alipay na WeChat zinakubali kadi za Visa na Mastercard za nje, na tangu 2024 kiwango cha juu kwa muamala mmoja ni dola 5,000. Malipo ya chini ya yuan 200 hayana makato. Yanayozidi hapo hukatwa asilimia 3. Siku tisa kwa yuan 350 ni yuan 3,150, na asilimia 3 yake ni yuan 94 na senti hamsini. Mkilipia moja kwa moja kwenye programu ya Trip.com kwa kadi, makato hayo ya Alipay hamkutani nayo. Baadhi ya hoteli zina mashine ya kadi za nje, lakini usiitegemee mpaka umeuliza. Fungueni Alipay mkiwa bado Mwanza, muingize kadi, mpige picha ya pasipoti kwa uhakiki, kisha muwaarifu benki kwamba kadi itatumika China. Kadi nyingi hugoma siku ya kwanza kwa sababu benki imedhani ni wizi.

Intaneti nayo ishughulikieni nyumbani. Google, Gmail, WhatsApp, Facebook na Instagram hazifunguki kwenye Wi-Fi ya hoteli, hata uwe umelipia chumba cha juu kabisa; kizuizi ni cha nchi nzima. Laini ya nyumbani iliyofunguliwa huduma ya nje, au eSIM ya kusafiria (laini isiyo na kadi ya kuchomeka) iliyonunuliwa nje ya China, hupitisha data kupitia mtandao wa nje, kwa hiyo WhatsApp hufanya kazi. Wi-Fi ya hoteli nyingine hutaka namba ya simu itumiwe msimbo. Laini ya nyumbani ikiwa haipokei ujumbe, mwombeni mhudumu awaunganishe. Kwa ramani tumieni Amap.

Ukipata kadi ya mlango, ujue ghorofa ya chini kwao inahesabiwa 1. Ndani, ingiza kadi kwenye kitundu kilicho karibu na mlango ndipo umeme uwake. Ukiichomoa, taa na kiyoyozi huzima na simu uliyoacha ikichajiwa inaweza kuacha kuchaji. Soketi ni za pini mbili bapa na za pini tatu zilizoinama, hivyo chaja zenye pini tatu za mraba zinahitaji adapta. Umeme ni volti 220, karibu sawa na wa kwetu, transfoma haihitajiki.

Kagueni chumba dakika kumi za kwanza, kabla ya kufungua mabegi. Fungueni maji ya moto, washeni kiyoyozi, nuseni mashuka na zulia. Chumba kikinuka sigara ombeni 无烟房 (chumba kisichovutwa sigara) papo hapo, kwa sababu kesho yake harufu hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa yenu na mkatozwa. Doa kwenye zulia, glasi iliyopasuka, taulo iliyochanika: piga picha, mtumie mhudumu. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya amana kukatwa. Ya tatu ni vitu vya kuuzwa vilivyopangwa juu ya meza. Chupa mbili za maji zilizoandikwa 免费 ni za bure, vingine vina bei. Maji ya bomba hayanywewi. Chemsheni kwa birika la umeme.

Bafu huwashangaza wengi. Katika hoteli nyingi ukuta kati ya bafu na kitanda ni kioo, chenye pazia la kushusha. Kwenu dada na mdogo wake si neno kubwa, lakini wanaosafiri mzee na mkwe wake wachague chumba kwa kuangalia picha vizuri. Kwa wanaojisafisha kwa maji, vyoo vya daraja hili aghalabu havina bomba la pembeni. Bebeni kopo dogo la plastiki. Na tangu 2019 hoteli za Guangzhou haziweki mswaki wala kitana chumbani bila kuombwa, hivyo usidhani wamewasahau: piga simu mapokezi wataleta, na siku hizi anayeleta anaweza kuwa roboti. Simu ya chumba italia, utasikia sauti ya mashine kwa Kichina, fungua mlango uchukue, bonyeza kwenye kioo chake iende zake.

Kifungua kinywa kwa kawaida ni saa moja hadi saa tatu na nusu au nne asubuhi. Kuna uji wa mchele, mayai, tambi, mkate wa mvuke wenye nyama ndani, na youtiao, ndugu wa maandazi marefu, unaoliwa na maziwa ya soya. Nyama isiyotajwa jina ichukulieni kuwa ni ya nguruwe, na supu ya tambi vilevile. Mla halali ale mayai, matunda, mkate mtupu, kisha atafute kibao 清真 (halali). Migahawa ya tambi za Lanzhou ipo karibu kila mtaa. Kwa Ijumaa, msikiti wa Xianxian hauko mbali na stesheni ya Yuexiu Gongyuan, njia ile ile namba 2.

Mizigo msirundike chumbani. Sampuli kwenye begi sawa, katoni ishirini hapana. Zipelekwe moja kwa moja ghala la wakala. Ila mabegi yenu ya safari mapokezi huyatunza bure siku ya kutoka, kwa tiketi yenye namba.

Siku ya tarehe 30 mwisho ni saa sita mchana. Mkiomba mapema asubuhi, wengi huongeza saa moja au mbili bure, lakini wakati wa maonyesho msitegemee. Kukaa hadi saa kumi na mbili jioni kwa kawaida hutozwa nusu ya bei ya usiku. Shukeni dakika ishirini kabla, kwa kuwa mhudumu wa usafi hukagua chumba kwanza ndipo mapokezi waachie fedha. Mwambie "tui yajin" (退押金), toa karatasi, hesabu noti hapo hapo. Kama kuna makato, omba kuonyeshwa kitu kilichoharibika na bei yake iliyoandikwa, utoe zile picha za siku ya kwanza. Kwa hesabu za duka ombeni fapiao (发票), stakabadhi rasmi ya kodi, mkiwapa jina la biashara yenu limeandikwa kwenye karatasi. Mkiondoka bila kuiomba, kuipata kutoka Mwanza ni kazi kubwa.